Aliyenitangulia Kinamasini

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa, ingawa nakujua: kutwa nzima uko wima katikati ya mifuko ya saruji unagombana na madereva wa malori, na mtu akikuletea kiti unamwuliza nani kamwambia umechoka. Goti linaendeleaje? Na mumeo, kile kikohozi kimemwacha, au bado anakifuga kama paka? Wanangu hawajambo? Waambie mama yao mdogo anawakumbuka, hasa yule wa mwisho mwenye maswali.

Sisi huku wazima wa mwili. Bado niko kwenye karakana ya meno ya bandia, nawatengenezea tabasamu watu wasionijua. Juzi mzee mmoja alirudisha meno yake akilalamika kwamba yamenyooka mno, mkewe anamcheka. Nikampindishia moja la mbele, kidogo tu, akaondoka ameridhika. Shemeji yako naye yuko na lifti zake. Wamempa jengo la maofisi ambalo lifti yake hukwama kila mvua ikinyesha, na akirudi nyumbani anainuka na kuketi akiiwaza, utadhani ni mgonjwa wake.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Nimepiga mara nyingi, dada. Lakini kila nikitaka kusema la moyoni, sauti ikitetemeka kidogo tu, unaniuliza kama nimekula, halafu unahamia kwenye bei ya mabati. Karatasi haina mdomo wa kunikatiza. Basi soma mpaka mwisho, tafadhali.

Nina hasira. Naanza na ile ya kipuuzi, maana ndiyo iliyoifungulia mlango ile nyingine. Nimekasirishwa na gemu. Cheka, nakusubiri. Mtu mzima, mke wa mtu, anagombana na runinga.

Unajua nilivyotoka hospitali mwaka jana mikono mitupu. Daktari aliniagiza nipumzike, na mimi kupumzika sijui. Nilikuwa naosha sufuria safi. Shemeji yako akanunua mashine ya gemu kwa fundi mwenzake, ikiwa na pedi mbili, moja imefungwa gundi ya karatasi. Nilimwambia hayo ni mambo ya wasio na kazi. Akajibu kwamba kwa sasa mimi ndiye nisiye na kazi, na akaniwekea pedi mapajani.

Dada, nililipenda gemu lile hadi nikajionea aibu. Ni gemu la safari. Wewe ni mwanamke mchora ramani, umetumwa katika nchi iliyofunikwa na ukungu. Unapewa karatasi nyeupe. Unapokanyaga ndipo panapochoreka, usipokanyaga panabaki peupe. Hakuna anayekwambia pita huku, geuka kule. Siku ya kwanza tu nilipotea msituni, nikahangaika, nikatokea nyuma ya kinu cha maji kilichokuwa kikisaga peke yake, mlango wazi, na unga ukimwagika sakafuni. Hakuna aliyenipeleka pale. Nilifika kwa kupotea kwangu mwenyewe, na nikahisi kinu ni changu.

Palikuwa na mlango wa jiwe usio na kitasa. Tuliuhangaikia siku kadhaa. Shemeji yako, kwa ulifti wake, aling'ang'ania kwamba lazima kuna uzito wa upande wa pili unaouvuta. Mimi nikasema tazama maji yanakokwenda. Tukabishana wakati wa kula, tukabishana tukianika nguo. Mwisho tukagundua kwamba kila mmoja alikuwa na nusu ya jibu: ukielekeza mfereji kwenye ndoo zilizoning'inia ukutani, zinajaa, zinashuka, na mlango unapanda. Ulipopanda tulipiga kelele hadi jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu hospitali, na nadhani shemeji yako aliligundua hilo, maana alinitazama mimi, mlango akausahau.

Halafu gemu likachacha.

Lilianza taratibu. Nikisema twende mashariki, ambako karatasi yote ilikuwa nyeupe, shemeji yako anasema magharibi kwanza, huko nyuma tumeacha vitu. Vitu gani? Uyoga. Kuna bibi mmoja pale kijijini anayeomba uyoga. Nilimchumia kapu baada ya kapu. Kila nikimpelekea ananishukuru kwa maneno yale yale, ameinamisha kichwa vile vile, kisha anataka mwingine. Nikamwambia shemeji yako kwamba bibi huyu ana duka mahali, haiwezekani awe anakula wote huo.

Nikirudi kutoka kazini namkuta ameshika pedi yangu. Akawasha mshale. Sikujua kama gemu lile lina mshale. Kumbe upo kwenye mipangilio, wa dhahabu, unaelea mbele yako na kukuonyesha pa kwenda. Dada, ukishauwasha mshale ule unakuwa ng'ombe wa kuvutwa kamba. Huangalii tena mti wala mlima, huangalii hata miguu yako. Unafuata, unafika, unaambiwa hongera. Hongera ya nini? Nilimwomba auzime, akasema unatusaidia tusipoteze muda, kana kwamba kupoteza muda sicho tulichokaa pale kukifanya.

Na mafumbo, ambayo zamani yalituchukua wiki, sasa aliyatatua kabla sijamaliza kuyasoma. Anasogea kwenye ukuta wenye alama, anakuna kidevu, anasema, "Eeh! Kumbe!" na ukuta unafunguka. Shemeji yako ni mtu mwema lakini hajui kuigiza. "Kumbe" yake ile isingemdanganya hata mbuzi. Mimi, badala ya kumshuku yeye, nikamlaumu aliyelitengeneza gemu. Nikasema hawa watu walikuwa na wazo zuri, wakachoka njiani, wakajaza uyoga. Nikawa nasinzia na pedi mkononi. Nikasema liuzwe. Akakubali papo hapo, haraka mno kwa mtu anayetunza hata misumari iliyopinda, ila mnunuzi hakupatikana.

Sasa kuna mwenzangu karakanani, mchanganya plasta, tunamwita Bosi ingawa hana hata mtu mmoja chini yake. Mwezi uliopita tulikuwa tunamwaga plasta kwenye kalibu za fizi, mikono imejaa, na mdomo ndio ulio huru, kama kawaida yangu. Nikaanza kulilaani gemu langu la uyoga. Bosi akaniuliza jina lake. Nilipomtajia akashangaa. Akasema yeye na mdogo wake wa kiume wamelicheza hadi mwisho, na katika maisha yake hajaona gemu linalomshika mtu vile. Akaniuliza nimefika wapi. Nikasema kijijini, kwenye kinu, kwa bibi wa uyoga. Akacheka, akasema hapo ni mlangoni tu, hata viatu sijavua. Je, sijavuka kinamasi cha mashariki? Sijakutana na mtoto wa kengele?

Nikamwuliza mtoto gani. Bosi akafungua mdomo, akanitazama, na nikaona kabisa alivyokumbuka mimi ni nani. Akaufunga. Akasema aa, ni mtoto tu. Kisha akaanza kukoroga plasta iliyokwisha kuganda.

Sikumwuliza tena. Nilinawa mikono, nikaaga kwamba kichwa kinaniuma, na kweli kiliniuma.

Nilimkuta shemeji yako jikoni, ametoka zamu ya asubuhi, anasugua grisi mikononi kwa sabuni ya unga. Hata salamu sikutoa. Nilimwuliza kinamasini kuna nini. Akasema, "Kinamasi gani?" Nikamwambia asinifanyie "kumbe" yake leo, namjua. Alifunga bomba. Akageuka, mikono yake yenye povu ameiinua mbele, kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu.

Basi akasema. Yule fundi aliyemuuzia mashine alimdokeza kwamba mbele kuna mahali pa mtoto, awe mwangalifu na mimi. Akaogopa. Siku za zamu ya mchana, mimi nikiwa kazini, akawa anafungua safari yake ya pembeni na kunitangulia ili aone. Akaona. Kuna mtoto wa kike anayekufuata kutoka kijiji cha mashariki. Amefungwa kengele ndogo kifundoni usimpoteze kwenye ukungu. Humwoni vizuri, unamsikia tu nyuma yako, kengele yake inakwenda na hatua zako. Mnaingia kinamasini. Katikati ya kinamasi kengele inanyamaza.

Alinieleza kwamba alijaribu kila njia. Alizunguka kwa milimani, gemu likamrudisha. Alisubiri ukungu upungue, haukupungua. Alitembea polepole, alikimbia, alirudi nyuma kila hatua kadhaa kumwangalia. Aliifuta safari yake yote akaanza upya kutoka siku ya kwanza, akidhani labda kuna kitu alikosa mwanzoni, dawa, kamba, neno la kumwambia mtu. Kengele ilinyamaza pale pale. "Nimetafuta," aliniambia. "Hakuna njia. Ndiyo maana nikaona usifike kabisa." Unaijua kazi yake: lifti ikipona, yeye ndiye wa kwanza kupanda, hamruhusu mtu mwingine aingie mpaka ameteremka mzima. Basi na mimi alinifanya abiria.

Hapo nikawaka. Sikumwonea huruma, na najua nilipaswa. Nilimwambia ameniibia. Niliyamwaga yote, na mengine hayakuwa yake peke yake. Jirani wa juu anazunguka na mtoto wake kwa ngazi za nyuma asipite mlangoni kwetu, kana kwamba mimi ni mbwa mkali. Kazini oda za meno ya watoto hazifiki mezani kwangu. Mwanamke mwenye mimba akipita mtaani shemeji yako ananionyesha ndege juu ya paa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, sawa, lakini nyoka aliniuma mimi! Nyie ndio mnaoshtuka. Mmenifunga kwenye pamba kama yai, na yai lenyewe lilikwisha kuvunjika.

Na wewe, dada. Nilikutaja. Nilisema hata dada yangu niliyenyonya ziwa moja naye ananiuzia mabati kwenye simu.

Shemeji yako aliifuta mikono, akaenda sebuleni, akauzima mshale, akanipa pedi. Aliniuliza kama akae au atoke. Nikamwambia akae, ila asiseme neno, hata "eeh".

Ilikuwa bado mchana, jua limejaa dirishani hadi ikabidi tufunge pazia. Nilikwenda mashariki. Karatasi ikaanza kuchoreka, na nakwambia ukweli, kabla ya huzuni yoyote nilisikia ile raha ya kwanza imerudi, ya kutojua kilicho nyuma ya kilima. Niliogopa na kufurahi pamoja. Mtoto akanikuta kwenye mti uliopigwa na radi. Hazungumzi. Anaanza tu kufuata.

Tulitembea naye muda mrefu. Nilikuwa nasimama bila sababu ili nisikie kengele inasimama, naanza tena ili niisikie ikianza. Kinamasini niliingia nikijua. Iliponyamaza, hapakupigwa muziki wa kuliza watu, hapakuandikwa kitu kwenye kioo. Ukungu tu, na maji. Unaachiwa. Unaweza kuendelea mbele, unaweza kurudi kutafuta, gemu halikulazimishi. Mimi nilirudi. Nilitafuta mpaka vidole vikafa ganzi. Nilipokubali kwamba sitamwona, niliifungua ramani, na hapo gemu likanipa kalamu, niandike mwenyewe jina la mahali pale. Mahali pengine pote majina yalikuja yenyewe.

Sikuandika. Nililia, dada. Nililia kilio ambacho mnanizuia kukilia tangu mwaka jana, kile cha kamasi na kukosa pumzi, na shemeji yako alilia pia. Na hakuna aliyekufa kwa kulia. Jirani wa chini hata ufagio hakuugusa.

Nilipopata pumzi ndipo nikamwuliza swali ambalo sijawahi kumwuliza. Nilidhani nikimwuliza ataniambia, ndiyo maana nilikuwa nikiliahirisha, kama mtu anayeweka akiba. Nilimwuliza binti yetu alifananaje.

Unajua mimi sikumwona. Nilikuwa bado sijitambui, na nilipojitambua mlikuwa mmekwisha kumzika. Muuguzi ndiye aliyeniambia ni wa kike. Hilo tu ndilo ninalolijua kuhusu mwanangu. Mwaka mzima nimelala kando ya mume wangu nikiamini kwamba yeye amebeba sura ya mtoto wetu kichwani, na kwamba siku nikiwa tayari atanikabidhi.

Shemeji yako akainama. Akasema, "Sikumtazama." "Waliniita niingie nikamwone," alisema, "nikaishia mlangoni." Alibeba kisanduku hadi makaburini kikiwa kimefungwa, akakiteremsha, akarudi. Hajui chochote. Rangi, nywele, chochote. Yeye aliyenitangulia kila mahali kukagua njia, pale hakuingia. Kumbe kwenye kinamasi alikuwa akimtafuta mtoto wake mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, na mimi nachonga meno.

Hasira yangu juu yake iliishia hapo. Nilimshika kichwa tu. Tukabaki hivyo mpaka tukakumbuka kwamba hatujala.

Baadaye ndipo akaniambia la mwisho, na hili ndilo limenikalisha leo na kalamu. Aliniambia kwamba wewe uliingia. Kwamba ulimwondoa muuguzi, ukasema utamwosha mwenyewe. Kwamba ulikaa humo muda mrefu na ulimvisha, na yeye akiwa nje ya mlango alisikia maji, na alikusikia ukiongea na mtoto kwa sauti ya chini. Hakusikia maneno.

Dada, mimi mwaka huu wote nimekuwa nikikukasirikia. Sasa nakiri, na nisamehe. Nilidhani umesahau haraka. Nilidhani kwako lilikuwa jambo limetokea, limekwisha, turudi dukani. Sikujua kwamba katika dunia nzima kuna mtu mmoja tu aliyemwona mwanangu, na mtu huyo ananipigia simu kila Jumapili na kuniuliza kama nimekula.

Nakuomba, niandikie. Usinipunguzie, usinichagulie la kunifaa. Usiseme alikuwa mzuri kama malaika, hiyo wataniambia wengine. Niambie kama alikuwa na nywele. Niambie vidole vyake, masikio, kama alikuwa na paji letu hili pana la ukoo au alinusurika. Kama palikuwa na jeraha, niambie lilikuwa wapi. Ulimvisha nini, na nguo ilimtosha? Kama ulilia, niambie. Kama hukuweza kulia, niambie pia. Na zaidi ya yote, nataka kujua ulimwambia nini.

Usipige simu, dada. Najua utakavyofanya. Andika, hata kama itakuchukua wiki nyingi, hata kama ni kipande kipande nyuma ya stakabadhi za duka. Ukishindwa kabisa kuandika, panda gari uje, nitaomba ruhusa karakanani, tutakaa chumbani mimi na wewe, shemeji yako atakaa sebuleni na mlango utakuwa wazi, aingie akiweza.

Nisalimie mumeo, mwambie kikohozi hakitibiwi kwa ubishi. Wabusu wanangu. Shemeji yako anakusalimu sana, na anasema asante. Hakunieleza ya nini, lakini nadhani sote watatu tunajua.

Ni mimi mdogo wako,
mama wa yule uliyemwosha.